Mita ya mkononi na maji ya Ziwa Tanganyika: kuikalibreti ili namba yake iaminike

Chovya mita ya pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji ambapo 7 ni katikati, kwenye ndoo ya maji yaliyotekwa asubuhi mwaloni Kibirizi, Kigoma. Inaweza kukuonyesha 9.0, mita ya jirani ikaonyesha 8.8, ya tatu ikaonyesha 8.5, na maji ni ya ndoo ile ile. Nusu alama inaonekana kitu kidogo mpaka uanze kutia klorini. Klorini ikishayeyuka kwenye maji hugawanyika sehemu mbili: moja kali inayoua vijidudu upesi, na nyingine dhaifu. Kwenye pH 7.5 sehemu hizo ni nusu kwa nusu. Kwenye pH 8 ile kali imebaki robo hivi. Kwenye 8.5 ni kama asilimia 9, na kwenye 9 ni asilimia 3 tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, linaposema maji yabaki na klorini huru ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, linaongeza sharti kwamba pH iwe chini ya 8. Maji ya Ziwa Tanganyika kwa kawaida yako juu ya hapo, kati ya 8.6 na 9.2. Anayeyatibu kwa ajili ya kunywa anahitaji namba ya kweli, na namba ya kweli haitoki kiwandani pamoja na mita.

Kazi ya kuilinganisha mita na kitu ambacho thamani yake inajulikana, kisha kuirekebisha, kwa lugha rasmi ya vipimo ni ugezi. Maabara na uwanjani watu husema kalibresheni, nasi tutafuata hivyo.

Mita yenyewe haijui pH

Ndani ya elektrodi, ile ncha ya mita inayochovywa majini, kuna gololi ya kioo chembamba sana. Ikiingia majini huzalisha umeme mdogo unaohesabiwa kwa milivolti. Kwenye pH 7 elektrodi nzuri hutoa karibu sifuri. Kila maji yakipanda alama moja ya pH, umeme hushuka kwa milivolti 59.16 ikiwa joto ni nyuzi 25, na yakishuka alama moja hupanda kwa kiasi hicho hicho. Mita husoma milivolti tu, halafu hutafsiri kwa kufuata mstari. Kukalibreti ni kuupa huo mstari mahali pa kushika.

Fundi anayejenga ukuta hufunga uzi kwenye vigingi viwili. Kati ya vigingi uzi umenyooka na tofali linakaa sawa. Ukijenga kupita kigingi cha mwisho unakadiria kwa macho. Kwenye pH vigingi ni bafa, yaani vimiminika ambavyo pH yake inajulikana na haiyumbi kirahisi: 4.01, 7.00 na 10.01. Hapa ndipo kazi nyingi za Kigoma huharibika. Mita nyingi za bei nafuu huja na pakiti mbili tu, ya 4 na ya 7, na mtu hukalibreti kwa hizo kisha anakwenda ziwani kwenye 9. Ziwa liko nje ya vigingi.

Tuone kosa linavyokua. Tuseme bafa yako ya 4 imeingiwa na maji ya suuza na kwa kweli imefika 4.15, lakini mita inaambiwa ni 4.01. Umbali wa kweli kati ya vigingi ni alama 2.85, mita inauhesabu kuwa 2.99. Kila alama sasa inavutwa kwa karibu asilimia 5. Maji ya ziwa yenye 9.0 yatasomeka 9.1. Bafa ya 7 ikiwa nayo ina kasoro, kosa linaongezeka, na skrini haitakuonya kwa lolote. Ungetumia 7.00 na 10.01, ziwa lingekuwa katikati ya vigingi na bafa ya 4 isingehusika kabisa.

Kwa hiyo chagua bafa kwa kuangalia maji utakayopima. Ziwani, Ujiji, Katonga au Kibirizi: 7 na 10. Visima vifupi na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki: 4 na 7. Ukizunguka siku moja kati ya ziwa, mto Luiche na visima, kalibreti kwa zote tatu, ukianza na 7 kila mara, kwa sababu mita nyingi huitumia 7 kuweka sifuri kabla ya kupima mwinamo wa mstari.

Bafa zina tabia zake

Bafa ya 10 ndiyo dhaifu kuliko zote. Inavuta hewa ya kaboni dayoksaidi na pH yake inashuka siku hadi siku tangu chupa ifunguliwe. Chupa iliyokaa wazi miezi mitatu haifai kuwa kigingi, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapishwa iko mbali. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika siku uliyoifungua, na ile ya 10 ibadilishe baada ya mwezi mmoja hivi. Ya 4 na ya 7 huvumilia zaidi, ila ya 4 ikiota ukungu itupe. Bafa iliyokwisha kutumika isirudishwe chupani kamwe. Mimina kidogo kwenye kikombe, kiasi cha kufunika gololi na kile kidoti cheupe cha kauri kilicho ubavuni mwa elektrodi, kisha mwaga ukimaliza. Kidoti hicho kikibaki juu ya maji, elektrodi haijakamilisha mzunguko wake wa umeme na namba itaruka ovyo.

Kuna mtego wa pakiti za unga. Baadhi zimeandikwa 4.00, 6.86 na 9.18, nyingine 4.01, 7.00 na 10.01. Ni familia mbili tofauti, na zote ni halali. Mita inayotambua bafa yenyewe lazima iambiwe inatumia familia ipi. Ukiipa 6.86 huku imepangwa kwa 7.00, itaikubali na kusema sawa, na hapo umeshaingiza kosa la 0.14 kabla hujagusa maji ya mtu. Soma pakiti, kisha fungua mipangilio ya mita uone. Unga wenyewe uyeyushwe kwa kiasi kilichoandikwa, mara nyingi mililita 250, kwa maji yasiyo na madini.

Maji hayo ni yale ya kuongezea betri za magari. Maduka ya vipuri wanayo. Unaponunua sema wazi kwamba unataka maji ya kuongezea, kwani wapo wanaoita asidi nayo maji ya betri, na asidi inaunguza ngozi na macho. Kabla ya kuyaamini, yapime kwa upande wa mita unaosoma upitishaji umeme, ambao hupanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyoongezeka. Yakiwa chini ya 10 µS/cm (maikrosimensi kwa sentimita) yanafaa. Yakisoma 60 ni maji ya bomba yaliyochujwa tu.

Joto linabadilisha bafa pia. Ile ya 10.01 ni 10.01 kwenye nyuzi 25 tu. Kwenye nyuzi 20 ni 10.06, kwenye 30 ni 9.97, na kwenye 40, joto ambalo chupa iliyoachwa ndani ya gari mchana inalifikia upesi, ni karibu 9.89. Ya 7 na ya 4 hubadilika kidogo tu, kama 0.01 hadi 0.03. Mita nzuri ina jedwali hili ndani yake na husahihisha yenyewe, mradi kipimajoto chake kimefikia joto la bafa. Zile zinazorekebishwa kwa bisibisi ndogo hazina jedwali. Kwa hizo, wewe ndiye unayesoma jedwali lililo ubavuni mwa chupa na kuzungusha skrubu mpaka namba ya joto la wakati huo itokee. Njia rahisi ni kuweka bafa, elektrodi na kikombe kivulini nusu saa vipoe pamoja.

Wengi hudhani kwamba mita yenye kusahihisha joto huyarudisha maji ya ziwa kwenye pH ya nyuzi 25. Sivyo. Inasahihisha umeme wa elektrodi tu. pH unayoisoma ni ya maji katika joto lake, kwa hiyo joto liandikwe kila mara kando ya pH.

Kazi yenyewe, na namna ya kujua elektrodi imechoka

Vua kofia ya elektrodi. Chumvi nyeupe iliyoganda pembeni si ubovu, ni ile ya kuhifadhia imekauka. Isuuze. Kagua gololi dhidi ya mwanga: ukiona kipovu cha hewa kwa ndani, kung'uta elektrodi kuelekea chini kama unavyokung'uta kipimajoto cha homa. Suuza kwa maji yasiyo na madini, kisha gusisha karatasi laini inyonye tone. Usiisugue gololi, msuguano huiachia chaji ya umeme na namba itachelewa kutulia. Mimina bafa kidogo ya kusuuzia, imwage, halafu mimina ya kupimia. Koroga taratibu mara mbili tatu, uache. Elektrodi yenye afya hutulia ndani ya dakika moja. Ikizidi dakika tatu bado inatambaa, hapo kuna uchafu au uzee, na kubonyeza kitufe cha kukubali kunaifundisha mita namba ambayo haijafika.

Baada ya kalibresheni mita nyingi huonyesha mwinamo kwa asilimia. Isiyoonyesha kwa kawaida ina sehemu ya milivolti, na hesabu unaifanya mwenyewe. Tuseme kwenye bafa ya 7 umesoma −12 na kwenye ya 10 umesoma −182. Tofauti ni 170. Elektrodi kamilifu ingetoa karibu 178 kwenye nyuzi 25. Gawa 170 kwa 178: asilimia 95.5, elektrodi ni nzima. Kati ya asilimia 95 na 102 endelea na kazi. Ikiwa kati ya 85 na 95, isafishe. Chini ya 85 inunuliwe nyingine. Namba ya bafa ya 7 nayo inasema jambo: ikiwa nje ya kati ya −30 na +30, chumvi ya ndani imechafuka au kile kidoti cha kauri kimeziba. Hesabu hii ndogo ina faida kuliko kibandiko chochote, na inashangaza ni wangapi wenye mita za bei mbaya hawajawahi kufungua ukurasa wake.

Usafi hufuata aina ya uchafu. Utando mweupe mgumu ni chokaa, na ziwa letu lina chokaa ya kutosha: ingiza elektrodi kwenye siki nyeupe dakika tano hadi kumi. Mafuta, yawe ya injini za boti au mawese ya kwenye vikombe vya jikoni, yanatoka kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji. Kila baada ya kusafisha iloweke kwenye maji yake ya kuhifadhia saa moja, halafu kalibreti upya, maana mwinamo umebadilika.

Maji ya kuhifadhia ni kloridi ya potasiamu, gramu 22.4 katika mililita 100. Usiihifadhi kwenye maji ya betri. Hayana chumvi, kwa hiyo hunyonya ile ya ndani ya elektrodi na kuifupishia maisha. Ukiwa porini Uvinza na kofia imekauka, tumia bafa ya 4, au hata maji ya bomba kwa siku moja. Iliyokauka kabisa iloweke usiku kucha kabla ya kuihukumu kuwa imekufa.

Upitishaji umeme: tone moja linatosha kuharibu

Kwenye mita zinazopima vyote kwa pamoja, anza na upitishaji umeme kabla ya pH. Sababu ni zile chumvi za elektrodi ya pH. Kioevu sanifu cha kawaida ni 1413 µS/cm kwenye nyuzi 25, nacho ni kloridi ya potasiamu kidogo sana, gramu 0.7455 kwa lita. Tone moja la maji ya kuhifadhia likidondokea kwenye mililita 50 za kioevu hicho hupandisha thamani yake kupita 1,800. Mita itaambiwa hiyo ndiyo 1413, na kuanzia hapo kila maji utakayopima yatasomeka pungufu kwa zaidi ya asilimia 20. Kosa la upande wa pili ni maji ya suuza: mililita moja iliyojificha kwenye matundu ya probu, ile ncha inayopima upitishaji umeme, ikiingia kwenye mililita 20 za kioevu, huishusha thamani hadi karibu 1,345. Ndiyo maana suuza ya mwisho hufanywa kwa kioevu sanifu chenyewe, mara mbili, kisha unakimwaga na kumimina kingine.

Kwanza soma probu kavu hewani: lazima iwe sifuri. Halafu izamishe mpaka matundu yote yafunikwe, igonge kidogo kwenye kikombe ili vipovu vitoke, iinue isiguse chini wala kando. Kipovu kimoja kati ya vyuma viwili kinashusha usomaji waziwazi. Joto huku lina nguvu kubwa, karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi: kioevu kile kile bila kusahihishwa ni 1278 kwenye nyuzi 20 na zaidi ya 1,540 kwenye nyuzi 30. Tofauti na pH, hapa mita hurudisha namba kwenye nyuzi 25, ndiyo maana namba ya asubuhi na ya mchana zinaweza kulinganishwa.

Maji ya wazi ya Ziwa Tanganyika, mbali na midomo ya mito, yako karibu 650 hadi 700 µS/cm na hayabadiliki kwa ghafla, ziwa ni kubwa mno. Hicho si kioevu sanifu, lakini ni shahidi mzuri. Mita ikisoma 900 katikati ya ziwa, shuku mita kwanza. Chemchemi za chumvi za Uvinza ni habari nyingine: mita nyingi za mkononi hukomea 20,000 µS/cm na kuonyesha mistari au namba 1 tu. Pima kwa kuzimua mara 100, ukijua kwamba jibu ni makadirio.

Kuhusu namba ya chumvi zilizoyeyuka, ile inayotolewa kwa ppm, jihadhari. Mita haizipimi. Inazidisha upitishaji umeme kwa kizidisho kilichowekwa kiwandani, 0.5 kwenye baadhi, 0.7 kwenye nyingine. Maji ya ziwa yenye 670 yatakuwa 335 kwa mita moja na 469 kwa nyingine, na zote mbili zimekalibretiwa vizuri. Tofauti hii inaweza kuwagombanisha watu bure. Andika µS/cm, na kama lazima uandike ppm, taja kizidisho.

Oksijeni na urefu wa mahali

Mita ya oksijeni hukalibretiwa kwenye hewa yenye unyevu kamili. Weka maji ya kimo cha sentimita moja chini ya chupa, ingiza probu bila kugusa maji, hakikisha hakuna tone juu ya utando wake, na ufunike bila kukaza. Subiri dakika 15. Aina zenye utando na kimiminika ndani zinahitaji pia kuwashwa dakika 10 hadi 15 kabla.

Kinachosahauliwa ni shinikizo la hewa. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora mjini karibu mita 1,200. Maji safi ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 8.26 za oksijeni kwa lita pwani, karibu 7.5 Kigoma, na 7.1 Tabora. Mita iliyokalibretiwa Dar es Salaam na kuletwa kwa treni bila kuambiwa urefu mpya itaona maji yaliyoshiba kama yamepungukiwa. Shinikizo linalosomwa kwenye programu za hali ya hewa za simu halifai kuingizwa, kwa sababu limeshageuzwa kuwa la usawa wa bahari: litasema kama 1,012 wakati la kweli ufukweni Kigoma ni karibu 924 hektopaskali. Ingiza urefu wa mahali, au la kweli kutoka kwenye barometa isiyogeuza.

Anayeshusha probu kwenye vilindi, ambako oksijeni huisha kabisa, ahakiki na sifuri: sodiamu salfaiti gramu 2 katika mililita 100 za maji, subiri dakika kumi, isome chini ya 0.2. Suuza sana baadaye.

Kuhakiki jioni

Kuhakiki na kukalibreti ni kazi mbili tofauti. Kukalibreti kunabadilisha mita. Kuhakiki ni kuichovya kwenye bafa bila kubonyeza chochote na kuandika inachosema. Fanya hivyo mwisho wa siku, kwa bafa mpya iliyo karibu na maji uliyopima. Ikiwa imetofautiana chini ya 0.1 na thamani ya bafa kwenye joto hilo, vipimo vya siku vinasimama. Ikizidi, vyote tangu uhakiki uliopita viwekewe alama ya kutiliwa shaka, hata vile vinavyopendeza. Mtu anayekalibreti upya kila mara namba isipomridhisha anafuta ushahidi wa mita kuyumba lini.

Maji ya mvua yanahitaji uvumilivu wa ziada. Yana chumvi chache mno, hivyo elektrodi hutambaa dakika tano au zaidi. Na asijaribu mtu kutumia maji ya chupa ya dukani kama bafa kwa kuwa lebo imeandika 7.2. Hayana nguvu ya kushikilia pH yake, yanabadilika kwa hewa tu ya kikombe.

Daftari liwe na mstari mmoja kwa kila kipimo, ambao mgeni anaweza kuusoma bila kukuuliza. Kwa mfano: Kibirizi, saa 1:20 asubuhi, nyuzi 25.8, pH 8.97, 668 µS/cm, kalibresheni 7.00 na 10.01, mwinamo 96. Bafa ya 10 ilifunguliwa wiki mbili zilizopita. Uhakiki wa jioni kwa bafa ya 10.01 kwenye nyuzi 27: 9.98.